Mwalimu Ladislaus, Makombora na Barua Tisa za Uhamisho

Mwalimu Ladislaus Rutaihwa anastaafu Juni 30, 2025, baada ya miaka 33 ya kufundisha Fizikia. Sita aliitumikia kwao Muleba; ishirini na saba ni ya hapa Bariadi. Alipofika, Simiyu ilikuwa haijawa mkoa. Aliambiwa anakuja kwa miaka miwili.

Mimi niliajiriwa maabara mwaka 2006, nikitokea Nkoma, fundi baiskeli niliyejisomesha kwa mitihani ya kujitegemea. Siku ya kwanza Mwalimu hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama naweza kunyoosha gurudumu lisiyumbe. Nikanyoosha. Akalizungusha kwa kasi, akampa mwanafunzi alishike kwa ekseli na kumwambia aligeuze. Gurudumu likagoma. Darasa likapiga kelele.

Gurudumu lile lilikuwa jibu la swali ambalo vijana humuuliza kila wakiona habari za vita: kombora linajuaje njia? Alieleza hivi. Ndani yake kuna kitu kama gurudumu hilo, kinachong'ang'ania upande wake, hivyo kombora likipinda linajua limepinda. Kuna pia uzito kwenye springi. Mwendo ukiongezeka, springi inavutika. Jumlisha hayo mawili kila sekunde, tangu ulipoondokea, utajua ulipo bila kuchungulia nje wala kuuliza mtu.

Basi kila Oktoba, pamba ikishavunwa, mwanafunzi mmoja alifunikwa kanga kichwani, asione kitu ila dira na miguu yake. Dira ilishika nafasi ya gurudumu, hatua nafasi ya springi. Alitakiwa kuvuka mashamba na kusimama kwenye mlingoti wa bendera wa shule ya msingi, mita 1,800. Mwenzake alimfuata asianguke, bila kusema neno.

Mwaka 2014 zamu ilikuwa ya Elia. Hatua yake tuliipima uwanja wa mpira: sentimita 75. Mara hatua 2,400, hesabu safi. Tulisahau matuta. Kwenye matuta ya pamba hatua yake ilipungua sentimita tano, na kijana akasimama mita 120 kabla ya mlingoti, katikati ya boma la mzee Machibya, ng'ombe wa mahari wakihesabiwa. Elia, kwa adabu zake zote, akatoa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, baba," akiwa amemwelekea fahali. Mzee akamjibu, "Mwangaluka. Wewe uko upande wa kutoa au wa kupokea?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatuambia kombora nalo hukosea hivyohivyo, kidogo kidogo, na likiwa peke yake halina namna ya kujua. Mwaka uliofuata alimpandisha msichana juu ya kichuguu, kila hatua 400 amwambie mwendaji amepotoka kiasi gani. Huyo, alisema, ndiye setilaiti. Tulikosa mlingoti kwa hatua sita tu.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Mkewe, mama Domitila, alikuwa muuguzi wa zahanati Muleba. Mwalimu aliomba uhamisho mara tisa. Mama aliomba kuja huku mara nne. Barua kumi na tatu, jibu moja: hakuna mbadala. Walionana likizo, wiki sita kwa mwaka. Wiki 162. Miaka 27 ya ndoa wameiishi kama mitatu na kidogo. Mwalimu hakuwahi kulalamika, ndiyo maana nalalamika mimi. Leo anaondoka kazini, na mbadala bado hakuna. Vipindi vyake 24 kwa wiki havina mtu. Kumbe shule iliweza kubaki bila yeye wakati wote huo.

Jioni zake nyingi nilimkuta maabara akifuta vifaa vilivyokwisha kufutwa. Nilichukua kitambaa, tukafuta wote.

Mama Domitila alistaafu mwaka jana, anamsubiri. Mwalimu anapanda basi Jumatano. Juzi, akifunga sufuria yake ndogo kwenye boksi, aliniuliza kwa utani wake mkavu: mtu aliyezoea kupika ugali wa mtu mmoja anazidishaje?

Nikamwambia, "Mara mbili tu, Mwalimu."

Akasema hajawahi kupewa hesabu nyepesi namna hiyo.

Asante kwa kazi yako, Mwalimu Ladislaus. Tunakuombea afya, safari salama, na maisha mema ya watu wawili.