Utepe Ukatwe, Swichi Ingoje

Mgeni rasmi, Meneja wa Umeme, karibu. Chumba chetu cha kuchajia betri kimefagiliwa mara mbili leo. Harufu ya tindikali iliyobaki ni ya kazi.

TULIKOTOKA

Tulianza na chaja sita na waya mwembamba uliotoka mbali. Taa zilififia, lakini waya haukupata moto. Mwaka jana tulikusomea risala tukiomba transfoma kubwa, karibu na mlango. Kijana huyuhuyu anayekusomea leo ndiye aliyeisoma, tena kwa mbwembwe. Ukatupatia.

MAFANIKIO

Leo tuna chaja ishirini na nne, na taa hazififii tena. Betri za zahanati hazijachelewa hata siku moja. Tunatembea kifua mbele.

CHANGAMOTO

Wiki ya pili tu baada ya transfoma kuwashwa, waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, ulipata moto hadi gamba lake likalainika. Tulimsakama fundi mkuu kwamba hakukaza skrubu. Alizikaza mara tatu, akanuna.

Fundi wetu wa kusokota nyaya za mota, Dada Koili, akacheka. "Jamani, chaja hainywi umeme mfululizo. Inapiga funda kwenye kilele cha kila wimbi la umeme. Zamani, kwa waya ule mwembamba, zilinyonya kwa mrija. Mmezipa ndoo, mnashangaa zinavyogugumia? Na mafunda ya laini zote tatu za umeme yanarundikana kwenye nyutro."

"Kwa hiyo tuliomba ugonjwa?" fundi mkuu akauliza.

"Mliomba ndoo, kaka. Mimi nawarudishia mrija."

Alisokota koili, mizunguko ya waya wa shaba, kwenye chuma cha mota mbovu, akaifunga mbele ya chaja moja. Funda likapungua makali. Sasa koili tisa zinafanya kazi, na gamba la nyutro linashikika kwa mkono.

MAOMBI

Mgeni rasmi, umekuja kuwasha transfoma ya pili, ubavuni mwa ya kwanza. Njia ya umeme itakuwa pana zaidi, na mafunda makali zaidi. Barua ya kuiomba tuliandika sisi, sahihi ni zetu, na aibu tunaibeba wenyewe. Transfoma hatuikatai. Tunaomba wiki mbili tu, koili kumi na tano zilizobaki zikamilike. Nyutro ikiungua, chumba kinafungwa, na sisi thelathini tunarudi nyumbani mikono mitupu.

Utepe kata kwa shangwe, mkasi tumeunoa,
Swichi kidogo itengwe, nyutro tutaiokoa.

Mungu akufikishe salama nyumbani, na akurudishe kwetu baada ya wiki mbili, kidole kikiwa tayari.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Betri