Vendelín Hrachovec na Nyota Iliyolala Juu ya Jeneza Lake

Wasifu huu unasomwa na Květa, binti wa pekee wa marehemu, ambaye mpaka sasa hajaamini kwamba amesimama hapa. Ule uliomo kwenye ratiba mliyoishika ulichapwa Jumatatu. Jumanne alasiri kilionekana kitu nyumbani kwa marehemu kilichomfanya Květa akae sakafuni na kusahau alichokuwa akikitafuta. Baada ya mashauriano, familia imeamua usomwe huu badala ya ule wa kwenye ratiba. Mnaombwa uvumilivu, kwa sababu hata msomaji mwenyewe anaushangaa.

Marehemu Vendelín Hrachovec alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 1952, hapa hapa Lipnohrad, kusini mwa Bohemia, katika nyumba ya pili kutoka karakana ya babu yake, mhunzi Matouš Bárta. Baba yake, Havel, alikuwa mkulima. Mama yake, Aurelie, alikuwa binti wa huyo mhunzi. Babu alifariki Vendelín akiwa na miaka sita, lakini alikuwa ameshamfundisha kugonga chuma na kusikiliza kinavyolia. Marehemu alisema huo ndio uliokuwa usomi wake wa kwanza, na kwamba shule zote zilizofuata zilikuwa nyongeza.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini kuanzia mwaka 1958 hadi 1967. Alitamani sana kusomea historia, lakini baba yake alikuwa amekataa kuliingiza shamba lake kwenye ushirika wa serikali, na wakati ule mtoto wa mkaidi hakupewa nafasi ya vitabu. Alipelekwa Tábor kujifunza useremala wa magurudumu na mikokoteni, akahitimu mwaka 1970. Hakunung'unika hata siku moja. Alisema historia iliyoandikwa na watu wasiojua uzito wa nyundo inamhitaji seremala wa kuisahihisha.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa mtunzaji wa makumbusho ya mji. Kazi yake ilikuwa kuwasha jiko, kufuta vumbi na kufunga madirisha. Alipokuwa anafuta vumbi alianza kuuliza maswali. Kisu kile chenye meno kama kitana, je, kweli kingenasa upanga wa adui? Ule uma wa mpini mrefu wa kumkamata mtu shingoni, je, mtu angekubali kukamatwa? Hapo hapo akaanza kuunda mifano yake mwenyewe na kuijaribu. Alitengeneza ngao yenye tundu la taa, ya kutembea nayo gizani na kumpofusha mwizi, akaiwasha sebuleni, ikamla nyusi zote mbili. Alitembea mjini wiki sita na uso wa mtu anayeshangaa. Katika daftari lake aliandika: "Taa inafanya kazi. Mwizi atakimbia. Mwenye ngao pia."

Kanuni yake ilikuwa moja, na kila mtoto wa shule aliyepita mikononi mwake aliikariri: usikisemee chuma jambo ambalo hukulijaribu. Ndiyo maana kila msimu wa baridi, siku ya kuchinja nguruwe kwa jirani yake mzee Jeroným Šafář, aliwekewa ubavu mzima kabla haujakatwakatwa. Aliuvika deraya, yaani vazi la vita la vikuku vya chuma, akaupiga kwa silaha moja baada ya nyingine huku watu wakinywa supu. Kwa njia hiyo alituonyesha kwa nini babu zetu, walipopigana juu ya mikokoteni yao miaka mia sita iliyopita, walichukua fimbo za kupuria nafaka, wakazivika misumari na pete za chuma, na kuwatimua wapanda farasi waliovaa chuma mwili mzima. Fimbo ile ina vipande viwili, na kiungo chake ni kifupi, kwa hiyo kichwa chake hakiwezi kurudi kumgonga aliyeishika. Tena mkulima alikuwa ameizoea tangu utoto. Hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Kuhusu tufe la miiba lenye mnyororo mrefu, alikuwa na ushahidi wa mwilini. Mwaka 1978 aliunda mfano wa Nyota, lile tufe maarufu la makumbusho yetu ambalo sote tumelelewa tukiambiwa kwamba lilibebwa vitani na mwana wa mji huu. Aliuzungusha mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu tufe likarudi likampasua mdomo. Muuguzi wa zamu katika zahanati alikuwa Drahomíra, msichana mgeni mjini.

"Nani amekupiga hivi?" aliuliza.

"Mimi mwenyewe."

"Na ulijikosea nini?"

"Nilitaka kujua."

"Sasa umejua. Tulia nikushone, na ukicheka nitakushona mpaka pua."

Walifunga ndoa tarehe 12 Mei 1979. Walijaliwa mtoto mmoja, Květa. Marehemu alikuwa baba mpole, lakini kwa uongo hakuwa na mzaha. Květa alipokuwa na miaka saba alivunja bakuli la bibi yake Aurelie akamsingizia paka. Baba yake alimtembeza mji mzima kwenye theluji, bakuli mkononi, akaseme kweli kwa bibi yake. Njiani alimwambia, "Uongo ni mzigo, mwanangu. Afadhali uutue leo ukiwa mdogo." Květa hajasahau maneno hayo, na wiki hii yamemchoma kuliko wakati mwingine wowote.

Mwaka 1991 alipandishwa kuwa mkuu wa makumbusho. Alistaafu mwaka 2015 lakini ufunguo alibaki nao, na hakuna aliyethubutu kumwomba. Aliwatembeza wageni mpaka mwezi uliopita. Waliowahi kuongozana naye watakumbuka kwamba mbele ya kila silaha alisema mpaka watu wakachoka miguu, ila alipofika kwenye kabati la Nyota alishusha sauti akasema tu, "Hii ndiyo Nyota. Twende chumba kinachofuata." Sote tulidhani ni heshima.

Kuhusu maradhi, hatukujua kwamba alikuwa mgonjwa. Tumekuta dawa za moyo nyuma ya makopo ya misumari. Daktari alikuwa amemwonya tangu mwaka 2021 asiinue kitu kizito kuliko kikombe cha bia, naye akamjibu kwamba inategemea kikombe. Mke wake aliyekuwa muuguzi miaka arobaini hakuambiwa. Amesema leo asubuhi kwamba akikutana naye huko aendako, jambo hilo ndilo watakaloanza nalo.

Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, tulikuwa uani kwa mzee Jeroným, watu wapatao ishirini. Nguruwe alikuwa amechinjwa na ubavu ulikuwa umeshavikwa. Marehemu alionyesha ndoana ya kumwangusha mpanda farasi, kisha akachukua fimbo ya kupuria akapiga mapigo matatu, vikuku vikaruka. Wote mnajua alivyokuwa anamaliza: alijifanya amepigwa, akaanguka chali kifo cha mbwembwe, watu wakapiga makofi. Siku hiyo aliiegemeza fimbo ukutani, akageuka, akaanguka. Tulipiga makofi. Mzee Jeroným alimwita, bakuli mkononi, "Haya, umekufa vizuri! Sasa inuka bwana, supu inapoa!" Tukacheka zaidi. Ni Drahomíra aliyeacha kucheka wa kwanza, kwa sababu siku zote mume wake alianguka kwenye nyasi kavu alizokuwa amezitandika mwenyewe, na safari hii alikuwa ameanguka kwenye barafu. Alithibitishwa kufariki saa tano na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Mzee Jeroným hajala nyama ile mpaka leo. Mbele ya wote, familia inamwambia: Mzee, hukukosa lolote. Sote tulicheka. Tutaishi nalo pamoja.

Sasa ndugu zangu, ya Jumanne.

Květa alikuwa anatafuta tai nyeusi ya baba yake. Chini ya droo, ndani ya bahasha, alikuta lebo sita za makumbusho, zile kadi ngumu zinazowekwa kabatini kando ya kila kitu. Zote sita zilikuwa za Nyota. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1988, zilizofuata za 1994, 2003, 2011 na 2019, na ya mwisho ilikuwa na tarehe 30 Desemba iliyopita. Hakuna hata moja iliyowahi kuwekwa. Maneno yalikuwa yale yale, na familia inayasoma kama alivyoyaandika:

"Kifaa hiki hakikutumika katika vita vyovyote. Kilifuliwa na Matouš Bárta, mhunzi wa mji huu, mwaka 1904, kwa ajili ya ufunguzi wa makumbusho. Mnyororo ni wa ndoo ya kisima, uliotengenezwa kiwandani. Mjukuu wake alijaribu mfano wake: humpiga anayekishika."

Tafadhali, tunaomba utulivu. Mheshimiwa Meya, tunaomba ukae. Tunajua Nyota iko kwenye bango la kuingilia mji, kwenye chupa za bia na kwenye sweta za watoto wa shule. Tunajua pia kwamba iko hapa mbele yetu, imelazwa juu ya jeneza kwenye mto mwekundu, na kwamba baraza lilipiga kura itoke kabatini kwa mara ya kwanza kwa heshima yake. Mlifanya hivyo kwa upendo, nasi tulilia kwa shukrani. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nyuma ya kila lebo marehemu aliandika sababu. Ya kwanza inaeleza kwamba, baada ya kupasuliwa mdomo na mfano wake, alishindwa kuelewa mtu angepiganaje na kitu kama hicho. Mwaka 1988 alipofungua ngozi ya mpini wa Nyota yenyewe ili aone unavyoshikwa, akakuta alama ya babu yake, misumari mitatu, imegongwa kwenye chuma. Alikwenda kwa mama yake, Aurelie, na mama akamjibu: "Ukimwanika baba yangu hadharani, siku nikifa usije kunizika." Akanyamaza. Mama alifariki mwaka 1993. Nyuma ya lebo ya 1994 ameandika: "Shule imeshashona beji." Nyuma ya 2003: "Kiwanda cha bia." Nyuma ya 2011: "Wamenipa nishani." Nyuma ya 2019: "Mjukuu ameichora Nyota darasani, akapata alama za juu." Nyuma ya ile ya mwisho hakuna sababu tena. Kuna maneno mawili tu: "Naona haya."

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Marehemu alificha mawili, moyo na chuma, na yote yamejitokeza wiki moja. Květa alikasirika. Hata sasa anaposoma hajamaliza kukasirika, kwa sababu alitembezwa kwenye theluji kwa bakuli moja, na aliyemtembeza akaja kubeba tufe la chuma miaka thelathini na sita. Alimwendea mama yake jikoni na lebo zote sita.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua halali vizuri kila maonyesho yakikaribia. Nilidhani ni bia."

"Sasa nifanyeje? Tuzichome? Watu wataacha kumheshimu."

Mama yake alikausha mikono, akasoma lebo moja mpaka mwisho, akairudisha. "Baba yako alikisemea kila chuma ukweli wake, akabakisha kimoja. Alishindwa, si kwamba hakutaka. Ziko sita, Květa. Mtu asiyetaka haandiki sita. Soma wewe."

Ndiyo maana zimesomwa.

Marehemu ameacha mjane, Drahomíra, binti, Květa, mkwe, Silvestr, wajukuu wawili, Berta na Kryštof, na dada yake, Apolena, aliyesafiri kutoka Brno na ambaye naye ameyasikia haya sasa hivi pamoja nanyi. Dada Apolena, utusamehe. Tuliogopa kwamba tukisema mapema tutaombwa tunyamaze, nasi tungekubali, kama alivyokubali yeye.

Květa anajua leo kwamba baba yake hakuwa jinsi alivyodhani. Alikuwa mwoga katika jambo moja na shujaa katika mengine yote, na binti yake anampenda, na anamlilia huyu aliyekuwepo kweli.

Basi kabla jeneza halijashushwa, familia ina ombi la mwisho. Mzee Jeroným, tafadhali sogea. Itoe Nyota juu ya kifua chake. Irudishwe kabatini leo hii, na kadi hii ya sita iwekwe pembeni yake, kwa mwandiko wake mwenyewe. Mahali pake weka ile fimbo ya kupuria uliyokuja nayo, iliyokuwa imebaki ukutani kwako, aliyopigia mapigo matatu na haikumrudi.

Polepole, mzee, ni nzito.

Ahsante. Ametuliwa mzigo, sasa na alale kwa amani.