Nashipae, Mchoraji wa Maporomoko ya Themi

Nashipae Lemomo alizaliwa Oldonyo Sambu tarehe 14 Aprili 1961, mtoto wa tatu wa mzee Lemomo Sironka na mama Nosim. Akiwa na miaka minane, baba yake alimpeleka kumsalimia shangazi yake upande wa pili wa mlima, wakapitia maporomoko ya mto Themi. Alilia kwa hofu. Walipofika kwa shangazi, akaomba arudishwe akayaone tena. Tangu hapo hakuacha kujiuliza: kwa nini mtu anaogopa kitu, kisha moyo unamvuta kukirudia?

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari mjini Arusha hadi kidato cha nne, mwaka 1980. Mwaka 1982 aliajiriwa katika chuo cha misitu cha Olmotonyi kuchora ramani za misitu, na huko ndiko alikozoea rangi za maji. Siku za mapumziko alibeba karatasi zake hadi Themi, akijaribu kuichora ile hofu.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa ya Kilutheri na Gadiel Yiamat, fundi seremala, aliyemtengenezea fremu zote.

“Mama Anneth, hapa katikati umeishiwa rangi?” Gadiel aliuliza siku moja.

“Hiyo ni karatasi tupu, Baba Anneth. Hapo maji yanapita. Nikipaka nitayaziba.”

“Haya, nzuri.”

Neno hilo lilimchosha. Wageni walilisema, hata mchungaji alilisema. “Kitanda kikitandikwa nacho ni kizuri,” alikuwa akijibu. “Mimi nataka mtu aogope kidogo.”

Mwaka 2019 aliugua moyo, asiweze tena kupanda mlima. Nyumbani Moshono alichora kwa kumbukumbu, akichana picha nyingi kuliko alizobakiza. Januari mwaka huu alichora moja ambayo mwamba wake ulikuwa karibu mweusi, na maji yakishuka kutoka mahali pasipoonekana. Gadiel alileta uji, akasimama mbele ya picha hadi uji ukaanza kupoa.

“Mama Anneth,” alisema taratibu, “hivi ulikuwa unasimama karibu kiasi hiki, peke yako?”

Nashipae alicheka hadi akakohoa. “Leo umeiona,” alisema. Hakuchora nyingine.

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 2 Machi 2025. Picha hiyo ipo kando ya jeneza, karibuni muisogelee.

Ameacha mume, watoto wawili, Anneth na Elifuraha, wajukuu wanne na dada yake Namnyaki. Mungu aliyeyaumba maji yale ampe pumziko la amani.