Nywele Zilizokuwa Jikoni: Maisha ya Dkt. Aneth Bujiku Masalu

Waheshimiwa viongozi wa dini na wa serikali, wazee wa ukoo wa Masalu, majirani zetu wa Didia, watafiti mliotoka Mwanza na Dar es Salaam, na ninyi akina mama wa Igalamya mliopanda lori tangu alfajiri kuja kumzika mtu wenu, wakubwa wote shikamooni. Mimi ni Charles Bujiku, fundi pikipiki wa Kahama, niliyeachiana ziwa na marehemu, na familia imenisimamisha hapa nisome maisha yake, ingawa wote wanajua kwamba kusoma kwangu ni kwa kujikwaa na kwamba nikiudhika sauti yangu hupanda. Leo nitajitahidi, mkiona imepanda mnivumilie.

Dada yetu Aneth alizaliwa tarehe 14 Agosti 1972, hapa hapa Didia, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Bujiku Masalu na mama yetu Apolonia, ambaye kwa neema ya Mungu yuko nasi, ameketi pale karibu na jeneza, na najua wengi mnamtazama kichwani na mnajiuliza, basi subirini, nitafika. Mzee wetu alikuwa mkulima wa pamba na mpunga, na kiangazi kikiingia alikwenda machimboni Geita kama wanaume wengi wa rika lake, akirudi na kidonge cha dhahabu kilichoshikana na zebaki, ile dawa nyeupe ya wachimbaji inayotelezateleza kama maji. Ukichomea dhahabu machimboni kila mtu anajua una kitu, madalali wanakuzunguka, na wasio na nia njema pia, kwa hiyo baba alikuja kuichomea nyumbani, akafunga mlango na dirisha la jiko, akaiweka kwenye kijiko juu ya makaa yale yale yaliyokuwa yakipika mboga, na sisi watoto tukakaa pembeni tunashindana nani ataiona ikigeuka njano kwanza. Aneth alikuwa anatushinda, maana alikuwa anasogea karibu kuliko wote.

Alianza shule ya msingi hapa Didia mwaka 1980 na kumaliza mwaka 1986, akaendelea na sekondari ya wasichana Tabora hadi kidato cha sita mwaka 1993. Ni katika miaka hiyo mikono ya baba ilianza kutetemeka, chai ikawa inamwagika kabla haijafika mdomoni, ukoo ukakaa kikao na kusema amerogwa na mwenzake wa shimoni, na yule bwana tukamkatia salamu mpaka akahama. Aneth alikuja likizo, akauliza mbele ya wazee mbona uchawi wenyewe unapanda baba akitoka machimboni na unatulia wakati wa kulima, akaambiwa anyamaze, mtoto wa kike haulizi hivyo. Alinyamaza kwa mdomo, lakini lile swali alilibeba mpaka chuo kikuu, alikosomea jiolojia Dar es Salaam kuanzia mwaka 1994 hadi 1998, na baadaye Uswidi, alikopata shahada ya uzamivu ya jiokemia mwaka 2010, yaani elimu ya kujua ndani ya udongo, maji na mawe kuna nini, kimetoka wapi na kinaelekea wapi.

Kazi aliianza Geita mwaka 1998 katika kampuni moja ya kutafuta madini, akizunguka porini kuchukua sampuli za udongo, na dereva wa gari hilo la sampuli alikuwa kijana mmoja Msumbwa, mpole, aitwaye Mwigulu, aliyekwamisha gari kwenye tope mara nyingi kuliko dereva yeyote niliyewahi kumsikia, mpaka tukaanza kumshuku kwamba anakwama makusudi. Walifunga ndoa tarehe 21 Julai 2001 katika kanisa hili lililo nyuma yangu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Violeth aliyezaliwa mwaka 2003, ambaye sasa anasomea udaktari, na Jilala aliyezaliwa mwaka 2006. Shemeji Mwigulu, pole sana baba, umemwendesha mke wako kila barabara mbovu ya mkoa huu na hukuwahi kumwacha njiani.

Sasa nafika kwenye kazi iliyomfanya ajulikane, na naomba mnisikilize hapa kuliko pengine pote. Aliporudi kutoka Uswidi alitaka kujua zebaki inayochomwa machimboni inaishia wapi, akapima udongo, akapima mito, akapima samaki, halafu akafika kwa watu wenyewe, na kwa mtu zebaki inatafutwa kwenye mkojo na kwenye nywele, mkojo unaeleza ya siku za karibuni, nywele zinabeba ya miezi, pamoja na moshi uliotua juu yake. Mkojo watu walitoa, tena kwa kucheka, lakini nywele hapana. Nani kati yetu sisi wa kanda hii anaacha nywele zake zichukuliwe na mtu asiyemjua, wakati tumekua tunaambiwa kwamba nywele zako zikifika kwa mganga umekwisha, na kwamba kuna wachimbaji wanazitafuta ili shimo liteme dhahabu? Alirudi Igalamya, kile kijiji cha wachimbaji alichokichagua kupima, mara kwa mara karibu mikono mitupu, na wanaume wachache waliokubali walikuwa wachimbaji, maana hata yeye wakati huo aliamini kwamba wa kupimwa ni anayeishika zebaki.

Baba alifariki mwaka 2016, tarehe 9 Mei, naye mpaka mwaka wake wa mwisho alikuwa bado anachomea wenzake dhahabu jikoni, kwa mikono ile ile inayotetemeka. Baada ya maziko ukoo ulikaa uani kunyolewa, kama tutakavyokaa sisi kesho, nywele za msiba zikawa zinaanguka kwenye kanga iliyotandikwa chini zikingoja kufukiwa, na Aneth, naye akiwa ameshanyolewa, akapiga magoti mbele ya wazee, akaomba kila mtu ampe kidogo katika zile zinazokwenda kufukiwa. Kulikuwa na ghadhabu siku ile, jamani, shangazi mmoja akamwita mchawi mwenye digrii, wanaume wakanyanyuka, na mimi nilisimama kati nikidhani watampiga. Mama ndiye aliyekata maneno, akazikusanya nywele zake mwenyewe kutoka kwenye kanga, akamwekea Aneth mkononi na kusema, “Shika, mwanangu. Hizi zilikuwa jikoni.”

Mama yetu hajawahi kushika zebaki hata kwa bahati mbaya, kazi yake ilikuwa kupika nyuma ya mlango uliofungwa, lakini majibu yalipotoka, nywele zake zilikuwa na zebaki nyingi kuliko za wachimbaji wote waliopimwa kabla yake. Aneth alinipigia simu gereji, analia tu, nami nikazima injini ya mteja nikamsikiliza akilia. Toka siku hiyo aliacha kuwafuata wanaume shimoni, akaanza kuwafuata akina mama majikoni, nao waliposikia habari za mama yetu wakakubali kutoa nywele zao, na utafiti wote ukageuka, kwa sababu kule Igalamya nako karibu kila nyumba ilikuwa inachoma kwa kujificha, mlango umefungwa, watoto ndani.

Hakuwatukana wala hakuwaambia waache dhahabu, alijua watu wanakula kwa hiyo dhahabu. Alimtafuta Rushabh, yule kijana wa familia yenye mashine ya mpunga pale Kahama, ambaye amesomea vifaa na malighafi, na Rushabh akachukua pumba za kwao zilizokuwa zinatupwa, akazichoma kwa namna yake zikawa mkaa unaokamata moshi wa zebaki, akaushindilia kwenye kifuniko cha bati kinachokaa juu ya jiko. Vifuniko vya kwanza vilipasuka, vya pili vilikuwa vizito akina mama wakavigeuza viti, msicheke, ni kweli, na vya tatu ndivyo vinavyotumika Igalamya hadi leo. Mwaka 2022 mkongo wa mawasiliano ulipofika kwenye zahanati ya kijiji, ule waya mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga ardhini, Daktari Mehjabin akiwa hospitalini Kahama akawa anaweza kuwaona wagonjwa wa Igalamya kwenye skrini, anamwambia mama achore duara, naye anautazama mkono unavyotetemeka bila picha kukatikakatika, na mama hapotezi siku nzima kwenye basi. Udongo, pumba, kioo na hospitali, Aneth aliviunganisha vyote kwenye jiko moja.

Kilichobaki kilikuwa kimoja, kujua kama vifuniko vinasaidia kweli, na hilo halijulikani bila nywele za akina mama wale wale waliopimwa mwanzo. Mwaka jana, kabla hajaanza mzunguko huo wa mwisho, ukaingia uvumi kwamba zile nywele za kwanza aliziuza ng'ambo na ndiyo maana amejenga, akina mama wakajitoa mmoja mmoja, na wengine wakafunga milango alipobisha. Nyumba aliyojenga mnaijua, haijapigwa lipu mpaka leo. Jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa, na nasema hivi nikiwa na uhakika, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakaa kando ya kitanda chake akiugua.

Ugonjwa ulianza Novemba 2024 kwa kuvimba miguu, akapimwa Kahama, akapelekwa Mwanza, ikaonekana figo zimechoka, akaanza kusafishwa damu, akapata nafuu, akarudi kazini, akaanguka tena Desemba iliyopita, na tarehe 3 Februari 2026, asubuhi, akatutoka, mumewe na watoto wakiwa wamemshika mikono. Najua yanayosemwa hapa msibani tangu juzi, masikio yangu ni mazima: wapo wanaosema nywele za watu zimemrudia, na wapo wanaosema, kwa nia njema, kwamba zebaki ndiyo imemuua na amekufa kama shujaa. Wote nawaomba mnyamaze kidogo. Madaktari hawajajua nini kilichochosha figo zake, nywele zake mwenyewe zilipimwa na zebaki ilikuwa ndogo, na yeye alinikataza kwa maneno haya: “Charles, usije ukasema zebaki imeniua, maana hatujui. Ukiwadanganya kwenye msiba wangu, nani ataamini yale tunayoyajua?”

Akaniachia na ombi, nami nalisoma mbele ya wazee kwa sababu kikao cha jana kilishindwa kukubaliana. Ndugu atakayependa, kesho tukinyolewa, atoe kidogo nywele zake kabla hazijafukiwa, na mama wa Igalamya atakayependa atoe leo kabla hajapanda lori, asilazimishwe mtu, asiulizwe kwa nini amekataa, na kila atakayetoa aletewe majibu yake nyumbani kwake, kwa mdomo, na Violeth mwenyewe. Wazee wengine walisema msiba si maabara, nami nawaheshimu, ni baba zangu. Lakini bila hizo nywele kazi ya dada yangu inaishia njiani, na vile vifuniko vitabaki maneno matupu, hakuna atakayejua kama watoto wa Igalamya wako salama au tunawadanganya kwa bati.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kahama na Mwanza waliomhudumia bila kuchoka, Daktari Mehjabin aliyekuja kumjulia hali hata siku zake za mapumziko, Rushabh na familia yake walioleta mchele wa msiba huu, watafiti wenzake, viongozi wa kijiji, majirani wa Didia mliolala hapa na sisi, na akina mama wa Igalamya, ambao mmekuja hata baada ya yote yaliyosemwa, asanteni sana.

Nimalizie kwa mama. Kwa desturi yetu hatunyoi kabla mtu hajazikwa, kila mtu hapa anajua, lakini leo asubuhi mama alimwita Violeth, akaketi kwenye kigoda nje ya jiko, akamwambia amnyoe, na shangazi yule yule wa mwaka 2016 alipokuja kumzuia, mama alimjibu kwamba akingoja kesho watu wa Igalamya watakuwa wameshaondoka, na anataka wamwone. Ndiyo sababu mnamwona hivyo. Zile nywele ziko kwenye bahasha mikononi mwa mjukuu wake, na shangazi, naomba radhi kwa kulisema, akavua kitambaa chake, naye akaketi kwenye kigoda kile kile.

Dada Aneth, jiko la mama sasa liko wazi mlango na dirisha, na kazi yako tumeipokea. Pumzika sasa kwa amani, ng'wana Bujiku.