Petroli ya Dumu Jekundu

Raili, funga mlango, baridi inaingia. Na wewe Pertti vuta kiti ukae, usisimamie mguu wa bandia, maana nina maneno ya kuwaambia nyote wawili na sitaki mmoja ayasikie kwa mwenzake. Daktari amesema ni siku, si wiki. Siogopi, wala sioni huzuni. Tangu tulipomzika mama yenu nimekuwa kama mtu anayesikia habari za nyumba ya jirani.

Nyumba na msitu wa ng'ambo ya ziwa ni vya Pertti. Sauna na mashua mtumie wote. Pikipiki, ambayo baada ya ajali niliinyoosha mwenyewe kwa miaka miwili, ni ya Raili, na hapo ndipo penye neno.

Vuli ile ya kabla ya ajali, Raili, uliniambia mezani hapa tukinywa kahawa: "Baba, pikipiki inalala bandani miezi saba ya baridi. Usiipe petroli yenye spiriti, itavuta maji. Nunua ile safi, jaza tangi mpaka shingoni, tia dawa yake ya kuzuia petroli isiharibike, halafu washa injini dakika kumi mpaka dawa ifike kwenye kabureta." Nikakuuliza, "Aliyekufundisha kushika spana ni nani?" Ukasema, "Ni wewe, ila siku hizi umekuwa mvivu." Ukarudi kazini mjini Oulu ukiamini nimekubali.

Kituo cha mafuta kiko kilomita arobaini, na barabara ilikuwa inateleza. Bandani palikuwa na dumu jekundu la mashine ya kukatia nyasi, petroli rahisi yenye spiriti, imekaa tangu Juni. Nikaimimina hiyo, haikufika hata nusu ya tangi, nikafunika turubai, nikaingia ndani kunywa supu. Ni hayo tu niliyofanya.

Mwezi wa tano, Pertti, ukaitoa, ikawaka vizuri, na pale kwenye mlima wa kanisa maji na kutu vikaziba kabureta, injini ikazima, na lori la magogo lilikuwa nyuma yako.

Ulipozinduka hospitali uliniuliza, "Nani aliilaza pikipiki kwa baridi?" Nikasema, "Raili." Sikulipanga neno lile, lilitoka, nami nikaliacha. Dada yako alipopiga simu ukamwambia, "Usinipigie tena mpaka nife," na mimi nilikuwa kando ya kitanda chako namenya chungwa, nikaendelea kumenya.

Usinikatize, Pertti. Utasema nikinyamaza.

Raili, wewe ulijua hukuigusa. Ungeweza kusema, miaka tisa, ukanyamaza; sijui ulimwonea huruma nani, mimi au mama yako, ambaye alikufa akiamini ni wewe. Nilingoja nione aibu ndipo niseme. Aibu haikuja. Nimechoka kuingoja, kwa hiyo nasema bila hiyo.

Sasa fanyeni hivi. Theluji imeshaanza, na tangi ni tupu, nililisafisha. Kesho nendeni pamoja, kwa gari moja. Raili ndiye achague mafuta, wala asiulizwe kwa nini. Pertti amimine. Jazeni mpaka juu, pasibaki nafasi ya hewa. Dawa... dawa kwanza, kisha petroli, ndipo vichanganyike. Muiwashe. Msimame pale dakika zote kumi, msiingie ndani, hata kama hamna la kuambiana.

Msinizike kwa maneno mengi. Mchungaji asome kifupi.

Sauti inakwisha... Sogeeni. Mungu awape miaka, awape watoto wenu afya, na lile nililolitenganisha alirudishe Yeye, mimi siwezi. Msinisamehe leo. Leo ni mapema. Pertti... mtazame dada yako. Hivyo.

Raili, naona umenishika mkono. Siusikii. Lakini nauona... usiuachie.