Sauti ya Siku ya Mplamu: Maisha ya Velika Zlatareva, 1952–2025

"Umeukata mplamu wa baba, Tsonka, umeukata hadi kisiki, halafu unanikaribisha chai."

"Ulikuwa unazitia kivuli nyanya zangu. Wewe utajuaje, unakaa Sofia na supu zako za kupeleka mwezini. Na usinipandishie sauti, mimi ni dada yako mkubwa."

"Mkubwa kwa nani? Mama mwenyewe alisema mimi nilitangulia."

"Mama alisema, serikali iliandika. Nenda kabishane na serikali."

Ndugu waombolezaji, majirani wa Gorno Yavorovo na wageni mliotoka Sofia, familia imeona ianze na maneno hayo kabla ya tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu ugomvi huo wa marehemu na pacha wake Tsonka, wa tarehe 8 Agosti 2015, uliodumu dakika arobaini na moja na kurekodiwa kwa simu na Ognyan, mtoto wa marehemu, aliyetaka kumwonyesha baba yake nani alianza, ndio uliokuja kumrudishia marehemu sauti yake, kama mtakavyosikia.

Marehemu Velika Hristova Zlatareva alizaliwa Jumatatu asubuhi, tarehe 11 Februari 1952, hapa kijijini, pacha wa Tsonka, wakiwa watoto pekee wa seremala Hristo Bonev na mkewe Mariyka. Mama yao alisema siku zote kwamba Velika alitangulia kwa dakika ishirini, lakini baba, aliyepitia kwa majirani wanne kupokea hongera na glasi ya pombe ya plamu kabla ya kufika kwa karani, alimwandikisha Tsonka kwanza, na tangu siku hiyo kila mmoja akawa mkubwa kwa ushahidi wake.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia Septemba 1959 hadi Juni 1966, akaendelea na shule ya ufundi wa vyakula mjini Sevlievo, kisha chuo, ambako alihitimu mwaka 1974, na mwezi Septemba wa mwaka huo akaajiriwa katika maabara ya Sofia inayokausha chakula cha wanaanga, yaani chakula kinagandishwa kwanza, kisha maji yanavutwa yote, kinabaki chepesi kama jani kavu, na mwanaanga akitia maji huko juu kinarudi kuwa chakula. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na minane, akakausha maharage, mtindi, pilipili na stroberi, na alipoleta kijijini mfuko wa kwanza wa supu ya mtindi na matango, Tsonka alionja kijiko kimoja akasema, "Sasa naelewa kwa nini mnawapa watu ambao hawawezi kutoka nje."

Alistaafu mwaka 2012, lakini mwaka 2019, nchi nyingi ziliporudi kwa kishindo katika safari za mwezini na maandalizi ya kwenda mbali zaidi, maabara ilimwita kuwafundisha vijana, naye akaenda akiwa amevaa viatu vipya. Ukutani jikoni alitundika kalenda ya vyombo vya anga, kila kinachoruka alikitia duara la bluu, na kimoja kilipoanguka wakati wa kutua alisema, "Wangemuuliza mwanamke aliyewahi kubeba sinia ya mayai barafuni."

Tarehe 20 Septemba 1975 alifunga ndoa na Prodan Zlatarev, dereva wa treni, katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ognyan, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1976, na Lilyana, aliyezaliwa tarehe 17 Mei 1979, pamoja na wajukuu watatu. Prodan anasema katika miaka hamsini isiyotimia hakuwahi kumshinda mkewe kwa maneno hata mara moja, na kwamba hakuona hasara.

Baada ya ule ugomvi wa mplamu mapacha hawakusemeshana tena. Kila mwaka Jumapili ya Msamaha ilipofika, kabla ya kuanza mfungo, siku ambayo mdogo huenda nyumbani kwa mkubwa akiwa na chungwa, akabusu mkono na kuomba asamehewe, Velika alikuja kutoka Sofia, akafungua nyumba ya wazazi, akaoka mkate wa jibini, akaketi akingoja mdogo wake aje. Hatua mia tatu kutoka hapo, Tsonka naye alikuwa ameoka wa kwake, ameketi, anangoja mdogo wake aje. Kuanzia mwaka 2016 hadi 2023, mikate kumi na sita ilipoa hivyo, na majirani waliila, wengine wenu mko hapa na mnajua kwamba wa Velika ulikuwa na chumvi zaidi.

Ugonjwa ulianza tarehe 19 Oktoba 2023, alipopata kiharusi kilichokata njia kati ya ubongo na mdomo, mikono na miguu nayo ikalala, ila akili ikabaki nzima kama ilivyokuwa. Mjukuu wake Iskra, binti ya Lilyana, aliacha shule mwezi huo akiwa na miaka kumi na mitano ili amtunze, na wakaelewana kwa macho, kufumba mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Tsonka alikuja hospitali siku ya tatu, akasimama nje ya wodi na mtungi wa supu, na Iskra alipouliza kama aingie, Velika alifumba mara mbili, akafungua macho, akafumba mara mbili tena. Si kwamba alimchukia, hakutaka tu kusemeshwa na mtu yule asiweze kumjibu. Tsonka aliacha supu akarudi kijijini, na jambo hilo ndilo lililomtesa marehemu kuliko kitanda chenyewe, kwamba angeweza kufa na neno la mwisho kati yao likawa ni kisiki.

Tarehe 14 Mei 2024, baada ya kukubali mwenyewe kwa macho mbele ya mashahidi, alifanyiwa upasuaji mjini Sofia na Daktari Neda Valkova na wenzake, wakaweka juu ya ubongo utando mwembamba wenye ukubwa wa stempu, ambao hupokea alama za ubongo pale mgonjwa anapojaribu kutamka, na akili mnemba ndani ya mashine ikajifunza kuzigeuza alama hizo kuwa maneno. Kwa miezi mitatu alijaribu sentensi zilezile kila siku huku Iskra akimsomea, hadi mashine ikamfahamu. Tatizo lilikuwa sauti. Mashine ilisema kwa sauti ya mwanamke mpole, kama ya mtangazaji wa hali ya hewa, na sentensi ya kwanza Velika aliyoisema kwa ukamilifu ilikuwa, "Mtoeni huyu mama."

Fundi wa mashine, kijana Plamen Tonev, akaomba sauti yake ya zamani ili mashine iige, familia ikapekua kila simu na kila kanda, lakini marehemu hakupenda kurekodiwa, na kilichopatikana ni zile dakika arobaini na moja za Ognyan. Plamen alizisikiliza zote akauliza, "Hakuna hata mahali anaposema asante?"

"Asante ya nini?" Ognyan akamjibu. "Mti ulikuwa umeshakatwa."

Basi mashine ikafundishwa kwa ugomvi. Asubuhi ya tarehe 2 Septemba 2024 Velika alimwambia muuguzi, "Habari za asubuhi," na muuguzi akaweka sinia chini akaomba radhi. Kisha akasema, "Prodan, funga dirisha," na mzee Prodan, huku machozi yanamtoka na anacheka, akafunga madirisha yote ya wodi. Plamen alisema apewe siku tatu ailainishe, Velika akakataa. "Iache. Ndiyo mimi."

Mwezi Januari alisema anataka kwenda kijijini Jumapili ya Msamaha, na safari hii ataenda yeye, kama mdogo. Hapo likazuka jambo ambalo Daktari Valkova anasema hakulitazamia, kwamba mashine, ambayo hukisia kwa kufuata mazoea ya mwenyewe, haikulikubali neno "nisamehe" kutoka kwake, kila alipojaribu kulitamka ilitoa neno lingine.

"Bibi, mashine haiamini," Plamen akasema.

"Iambie hata mimi siamini. Twende tena."

Alirudia kwa wiki sita, na Iskra alipofika mia mbili aliacha kuhesabu.

Tarehe 2 Machi 2025 theluji ilikuwa inayeyuka, njia imejaa tope, Ognyan akisukuma kiti cha magurudumu, Iskra amebeba mashine, Prodan ana chungwa mfukoni. Walipofika nusu ya njia wakamwona Tsonka anakuja, amevaa koti la kanisani, na mkononi ana chungwa.

Velika ndiye aliyeanza. "Tsonka, nisamehe," mashine ikasema, kwa sauti ya mtu anayefukuza mbuzi kwenye kabichi.

Tsonka hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu mwaka 2015. "Unaniomba au unanifukuza?"

"Nakuomba. Sauti ni ya siku ya mplamu, sina nyingine."

"Umesamehewa. Mungu atusamehe sote," Tsonka akasema, akambusu mkono, akambusu usoni. "Na mimi nisamehe. Nyanya zenyewe hazikuzaa." Kisha akaketi juu ya gogo la mtu, akacheka mpaka mbwa wa kijiji wakabweka, na kabla hawajafika nyumbani walikuwa wameshaanza kugombana nani alitangulia kutoka nje asubuhi hiyo. Waligombana kila siku kwa miezi mitatu, na familia haijawahi kuwaona na furaha kama ile.

Velika alishikwa na homa ya mapafu mwishoni mwa Mei, akafariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, katika nyumba ya wazazi wake, Tsonka akiwa amemshika mkono.

Familia inamshukuru Daktari Neda Valkova na timu yake, Plamen aliyetoka Sofia kila mashine ilipokaidi, padri wetu, majirani mliochemsha ngano ya leo ya kumkumbuka marehemu, na wafanyakazi wenzake wa maabara, vijana aliowafundisha, walioleta zile stroberi kavu mtakazoziona juu ya ngano, wakisema mifuko mingine ya kundi hilohilo inangoja kwenda angani.

Pumzika sasa, mama yetu, kwa amani uliyoifuata mwenyewe kwenye tope.

Jeneza lilipokuwa linatolewa asubuhi ya leo, Tsonka alisimama mlangoni, akawapisha wabebaji, akaweka mkono juu ya kifuniko na kusema, "Haya, tangulia, dada mkubwa. Safari hii sibishi."