Aliyeandika "Hakuna Uchukuaji": Maisha ya Marehemu Shirakata Sadayuki

Mjane wa marehemu, Bibi Shirakata Fusae, alikataa kuandika haya. Alisema wapo watoto waliosoma vyuo, wapo wajukuu wanaoandika kwa vidole gumba upesi kuliko kuku adonoavyo mtama, sasa iweje kalamu apewe mwanamke aliyeishia darasa la nne, tena vita vikamkatiza hapohapo? Binti yake Itsuko akamjibu, "Mama, tarehe nitaweka mimi. Lakini aliyoyafanya baba unayajua wewe." Basi tarehe ni za Itsuko, naye ndiye anayewasomea leo. Yaliyobaki ni ya mjane, na asiyeyapenda asubiri wasifu wa mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Februari 1934 mjini Takamatsu, mtoto wa tatu wa Bwana Minagi Kisaku, mtengeneza mikeka ya sakafuni, na Bibi Nobu. Alizaliwa na jina la Minagi. Hilo jina la Shirakata lilikuja baadaye na litaelezwa mahali pake. Mji ulipoungua kwa mabomu mwaka 1945, mama yake alimtoa motoni akiwa amefunikwa blanketi lililochovywa mtaroni. Marehemu alikuwa akisema kwamba ndipo alipoanza kuyaheshimu maji. Kabla ya hapo alikuwa akiyakimbia, hasa ya kuoga.

Alimaliza sekondari mwaka 1952. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila mwandiko wake ulisifiwa na kila mtu. Mwalimu wake alimwambia, "Minagi, wewe hata kosa ukiliandika, watu wataliamini." Mwalimu alidhani anatania.

Mwaka 1953 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya mto Kurose. Ilipokuja sheria mpya ya mito, kila kijiji kilichokuwa kikipata maji tangu enzi za mababu kilitakiwa kujitaja, ili matumizi yake yahesabiwe kuwa yameruhusiwa. Neno la ofisi lilikuwa moja: uchukuaji. Mnachukua kiasi gani, mnachukulia wapi, mnachukua miezi ipi. Mwaka 1966 marehemu alipita na neno hilo kijiji kwa kijiji juu ya baiskeli, mpaka akafika kwetu Tokishige, kwenye mkia wa mfereji.

Alipokewa na mwangalizi wa maji, Mzee Shirakata Yohei, baba yake Fusae.

"Mzee, hapa kwenu mnachukua maji kiasi gani?"

"Kuchukua? Aa, bwana karani, sisi ni nani hata tuchukue? Tunapewa kidogo tu, yakibaki ya wenzetu."

"Kwa hiyo hamchukui?"

"Hatuchukui kabisa. Hebu kunywa chai, inapoa."

Fusae ndiye aliyeileta chai hiyo, na aliyasikia yote, wala hakushtuka. Kwetu mtu hukujazia chakula mpaka miguu ya meza ikapinda, kisha akakuomba radhi kwamba hakuna kitu. Lakini karani alikuwa mtu wa mjini. Akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri: "Tokishige. Hakuna uchukuaji." Wazee wakagonga mihuri yao bila kusoma, maana kuikagua kazi ya mgeni mbele yake ni utovu wa adabu.

Kiangazi cha mwaka uliofuata mvua haikunyesha. Kurose ukabaki mawe, na samaki wakawa wanaokotwa kwa mkono. Ofisi ikaamuru kwamba malango ya maji ya wasiochukua yafungwe, ili wanaochukua wapate. Mpunga ulikuwa ndio kwanza unabeba mimba. Maji yakikatika wakati huo, hakuna mavuno, na kijiji kisicho na mavuno hakina watu mwaka unaofuata. Marehemu akaja na mnyororo na kufuli. Akamkuta Fusae amesimama langoni, matope mpaka magotini.

"Bibi, naomba unipishe."

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba hatuchukui maji?"

"Niliandika alichosema baba yako."

"Alichosema baba ni adabu, si hesabu! Mtu akikwambia 'karibu kibanda changu', unaandika kwamba hana nyumba?"

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Una macho, huna? Weka hilo kufuli lako chini, uje utazame."

Alilitazama lile kufuli, kisha akaliweka chini. Hilo mjane alimhesabia tangu siku ile.

Wakati wa ukame Tokishige hugawana maji kwa udi. Maji yakiligusa jaruba, mwenye shamba hupaza sauti, "Yamefika!" na hapo mwangalizi huwasha kijiti cha udi ndani ya kisanduku kisichopitisha upepo. Kijiti kikiisha, njia inazibwa na maji yanakwenda kwa jirani. Mwenye jaruba kubwa ana kijiti kirefu, mwenye dogo ana kifupi, na urefu huo haujabadilishwa na mtu yeyote aliye hai. Kukiwasha kijiti kabla maji hayajafika ni kumwibia mtu shamba lake mchana kweupe.

Marehemu alikaa kwenye tuta asubuhi ile mpaka zamu ikazunguka yote. Alikuwa amekuja akijua mto ni kitu cha kupimwa kwa mashine. Akauona mto mzima, au kile kilichosalia cha mto, ukipita chini ya uzi mmoja wa moshi, na watu wenye kiu wakiwa wamesimama na majembe mikononi, hakuna anayegusa tone lisilo lake. Hakuna polisi pale, wala kufuli. Alivua kofia. Fusae alimwambia avae, jua litampiga. Akajibu, "Naona haya kuvaa."

Akarudi ofisini bila kufunga lango. Mkuu wake alifoka, lakini mwishowe alikubali kuitisha kikao, vijiji vyote vya bonde viwepo, na Mzee Yohei ajibu upya kwa mdomo wake. Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Maisha yake yote mzee yule hakuwahi kulisema neno "nachukua", hata kwa kipande cha figili. Fusae alimbembeleza kwa udi na uvumba. "Baba, ni neno moja tu. Tunachukua." Mzee akasema, "Nikilisema hilo, mto utanisikia."

Siku ya kikao mkuu aliuliza, "Mzee, mnachukua, au hamchukui?"

Mzee Yohei aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. "Tunashukuru kwa yote tunayopewa."

"Hilo si jibu."

"Ni kweli, bwana. Tuwieni radhi."

Watu wa kijiji cha juu wakaanza kutazamana. Kalamu ya mkuu ilikuwa inashuka kwenye karatasi. Marehemu alikuwa karani tu, hana ruhusa ya kusema kikaoni, basi hakusema. Aliinuka, akaweka mezani kisanduku cha udi alichokuwa amemwomba Fusae, akatia kijiti, akawasha kiberiti. Wageni hawakuelewa kitu. Watu wa Tokishige walielewa, wakageuka kumtazama mzee.

Mzee Yohei aliutazama ule moshi, na shingo yake ikavimba mishipa.

"Zima hicho!"

"Mzee, vipi tena?" mkuu akauliza.

"Zima, nimesema! Maji hayajafika! Unanichomea maji yangu, mwizi mkubwa weye!"

"Maji ya nani?"

"Yangu! Ya Tokishige! Ya tangu babu wa babu yangu! Zimeni!"

Marehemu alikibana kile kijiti kwa kidole na gumba mpaka kikazimika. Kisha akainama mbele ya wote, akasema, "Nilichoandika mwaka jana ni adabu ya mzee huyu. Hesabu yake mmeisikia sasa hivi." Maneno hayo aliyaiba kwa Fusae, na hakuwahi kuyarudisha.

Yakafutwa yale maneno mawili. Mahali pake pakaandikwa, kwa mwandiko uleule: "Matumizi ya tangu enzi. Kipimo: kijiti cha udi." Kipimo cha namna hiyo hakikuwa kimewahi kuingia katika vitabu vya ofisi ile, na marehemu alihamishiwa stoo ya nyaraka, akakaa huko mpaka alipostaafu mwaka 1994. Hakuwahi kuwa mkuu wa kitu. Mzee Yohei naye aliona haya kwa kumwita mtu mwizi mbele ya mkuu, akawa anampelekea mkuu figili kila msimu mpaka mkuu mwenyewe akaomba apumzishwe.

Maji yaliporudi kwenye mfereji, uliokuwa umekauka tukingoja kikao, Fusae na marehemu walitembea mbele yake. Yalikuja polepole, yakisukuma vumbi na majani, panzi wakiruka pembeni, ardhi ikiyanywa kwa sauti ya mtu aliyekuwa na kiu ya miaka. Fusae alizaliwa ukingoni mwa mfereji ule, lakini alisimama kama hajawahi kuona maji. Marehemu alikuwa analia, akasema ni jasho.

Walioana tarehe 18 Aprili 1969. Mzee Yohei hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo marehemu aliingia katika nyumba ya mkewe na kuwa Shirakata. Wenzake wa mjini walimchokoza, "Kumbe umechukua jina la mwanamke!" Naye akawajibu, "Sikuchukua. Nilipewa kidogo tu, lililobaki." Mungu aliwajalia Itsuko mwaka 1970 na Morihiko mwaka 1973. Mzee Yohei alipofariki, kijiji kilimpa marehemu kile kisanduku, naye akakishika kila kiangazi cha ukame bila kumpendelea mtu, hata mkewe, na mkewe hakulifurahia hilo.

Mwaka 2019 figo zake zilianza kushindwa. Daktari akamwambia asizidishe nusu lita kwa siku, supu na chai zikiwa ndani yake. Alicheka mpaka akakohoa. "Fusae, leo na mimi nimepata kibali cha maji. Tena hakuna pa kukata rufaa." Kila alipoinua kikombe chake kidogo na maji yakagusa koo, alisema taratibu, "Yamefika." Hakuiba hata tone. Mjane anajua, kwa sababu alikuwa akimvizia.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 19 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka themanini na tisa. Mjane alimlowesha midomo kwa maji ya mwisho, na aliyachota mferejini, si bombani. Akasubiri aseme neno lake. Hakulisema. Basi akamsemea.

Marehemu ameacha mjane, Fusae. Watoto, Itsuko na Morihiko. Wakwe, Takumi na Sonoe. Wajukuu, Haruki, Mio na Wakana. Dada yake, Bibi Tamie wa Takamatsu. Na mfereji wenye maji. Alale pasipo na kiu.

Sasa sikilizeni. Mbele yenu kuna kijiti kimoja cha udi, mjane amekikata mwenyewe kwa urefu wa jaruba letu. Hii ni zamu ya marehemu, asiondoke mtu kabla haijaisha. Na kikizimika, msiiname na kusema, "Sisi ni nani hata tupokee?" Adabu ya namna hiyo ilikaribia kutuua. Zamu ikitoka kwake inakuja kwenu, na lazima kuwe na wa kuipokea. Pazeni sauti, wote, asikie huko alipo: "Yamefika!"